Taa za ukutani za Serge Mouille: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi umeme, niko Ufaransa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni taa za zamani: kuzifungua, kuzisafisha, kuvuta waya upya, kuzirudisha ukutani. Zinazoniletea maswali kuliko zote ni zile nyeusi zenye mikono mirefu kama miguu ya mdudu, za miaka ya 50, na maswali yenyewe ni yaleyale kila wiki, WhatsApp, simu, hadi msibani mtu ananivuta pembeni kuniuliza. Basi nimeyakusanya hapa. Nikikujibu "nenda swali la sumaku" usikasirike.

## Mwanzo kabisa

Serge Mouille ni nani hasa?

Mfaransa wa Paris, kazaliwa mkesha wa Krismasi 1922, kafariki Desemba 1988. Watu wanamwita mbunifu wa taa lakini kwa kusomea yeye ni mfua fedha, yaani yule fundi anayekaa na nyundo na bati la fedha mpaka linakuwa birika au sinia. Aliingia shule ya sanaa za ufundi Paris akiwa na miaka 13 tu, mtoto kabisa, akamaliza 1941, akafanya kazi kwa Gilbert Lacroix ambaye alikuwa mfua fedha na mchongaji, na mwaka 1945 akafungua karakana yake mwenyewe huku anafundisha palepale aliposoma.

Naanza na hili la ufua fedha maana ndo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Ukizichukulia hizi taa kama bidhaa ya kiwanda hutazielewa, hutajua kuzinunua na utaziharibu ukizitengeneza. Zichukulie kama kazi ya sonara ambayo bahati mbaya ina waya ndani.

Jina lake linatamkwaje?

"Muy", silabi moja, ile "lle" ya mwisho inageuka y. Sio "Muile" wala "Mouli". Ukienda mnadani ukasema Muile watakuelewa ila bei unaweza kuisikia imepanda ghafla.

Ilikuwaje mfua fedha akaishia kwenye taa?

Aliombwa. Mwaka 1953 hivi Jacques Adnet, aliyekuwa anaongoza Compagnie des Arts Français, nyumba kubwa ya mapambo na samani pale Paris, alitaka taa za kusimama na za ukutani zenye sura mpya akamwendea Mouille. Ilikuwa ni wakati ambao taa za Kiitaliano zimeanza kujaa sokoni, nzuri lakini Mouille aliziona zina mambo mengi mno, viungo vingi, marangi mengi, kwa hiyo yeye akaenda upande wa pili kabisa: mkono mmoja mwembamba, kofia moja (lile bakuli la bati linalofunika balbu), rangi moja. Ya kwanza kutoka ikavuma ni ile ya kusimama yenye mikono 3, na za ukutani zikafuata haraka sana. Mwaka 1955 akapata tuzo ya Charles Plumet, mwaka 1956 taa zake zikawa zinauzwa kwa Steph Simon, boulevard Saint-Germain, duka moja na vitu vya wabunifu wa samani Charlotte Perriand na Jean Prouvé. Maonyesho ya dunia ya Brussels 1958 wakampa diploma ya heshima.

Alafu mwanzoni mwa miaka ya 60 akaachana nazo, akabaki na kufundisha na vito. Yaani hizi taa zote zinazogombaniwa leo ni kazi ya miaka kama kumi tu ya mtu mmoja na karakana ndogo, na ndo maana hazipatikani kirahisi.

Kwa nini zote ni nyeusi nje na nyeupe ndani?

Nyeusi ni ili mchana uone mchoro tu, mstari kwenye ukuta mweupe, kama mtu kachora kwa wino. Nyeupe ya ndani ni kazi: inarudisha mwanga mbele bila kung'aa kama kioo. Angefanya ndani fedha inayowaka ungeona alama za balbu ukutani, duara juu ya duara. Nyeupe inalainisha. Kuna zilizotoka nyeupe nje pia lakini ni chache.

Hicho kichuchu nyuma ya kofia ni cha nini?

Ndo swali namba moja, na wengi wanauliza wakicheka. Kwa Kifaransa umbo hilo linaitwa tétine, ambayo ni chuchu kwelikweli, ya mtoto ya kunyonya, kwa hiyo huna haja ya kuona aibu, jina walilitoa wao. Lakini sio pambo. Balbu inahitaji holda, na holda ina urefu wake. Kofia ingekuwa bakuli tu la kawaida holda ingetokeza nyuma kama kibiriti kilichobandikwa, au balbu ingechungulia nje ikuchome macho. Mouille akalisukuma bati la alumini pale katikati likatoa kijinundu, holda ikaingia humo ikapotea, balbu ikarudi ndani.

Siku ukishika moja mkononi pitisha kidole kutoka ukingoni kwenda kwenye hicho kichuchu. Hakuna kona, hakuna mshono, bati linapanda polepole halafu ghafla linabana. Hapo ndo utajua kwamba aliyelitengeneza alijua bati linakubali kuvutwa mpaka wapi kabla halijapasuka, na hilo halifundishwi kwenye karatasi. Wafua fedha wa Lamu na Unguja wanaotoa tumbo la mrashi kutoka bati bapa wangemwelewa bila mkalimani.

## Kuzitambua

Za ukutani ziko aina gani?

Nitataja ninazokutana nazo. Ya mkono 1 unaozunguka, ulionyooka au wenye mikunjo. Ya mikono 2 inayozunguka, ya 1954, ambayo ndo inayoonekana sana kwenye magazeti, mikono haina urefu sawa na kila mmoja unaenda kivyake. Halafu kuna ya mikono 5, yaani buibui kamili, hiyo inameza ukuta mzima usije ukainunua unakaa chumba na sebule. Œil, maana yake jicho, na umbo lake ni hilohilo. Saturne, ya duara, jina la ile sayari yenye pete. Na Antony, ndogo, ambayo ina swali lake hapo chini.

Usichanganye na Cocotte, Tripode na Agrafée, taa zake nyingine ambazo si za ukutani. Mtu akikuambia anauza Cocotte ya ukutani muulize vizuri maana Cocotte ni taa ndogo ya mezani.

Antony ni mtu?

Hapana, ni mji, kusini mwa Paris. Katikati ya miaka ya 50 kulijengwa pale hosteli kubwa za wanafunzi, Prouvé na Perriand wakahusika na samani za vyumba, Mouille akahusika na taa. Kwa hiyo Antony ilikuwa taa ya mwanafunzi, ya kusomea mtihani usiku. Wala sio peke yake, kazi zake ziliingia chuo kikuu cha Strasbourg, shule za Marseille, na hata kanisa kuu la Bizerte kule Tunisia. Leo taa ya bweni inakaa ndani ya sanduku la kioo ina bima, mi huwa nacheka.

Guariche, Biny, Mathieu, hao nao ni Mouille?

Hapana, ni watu wa wakati uleule lakini kila mmoja na akili yake, na wauzaji wanapenda kuwachanganya kwa makusudi maana jina la Mouille linauza.

Pierre Guariche alikuwa anafikiria kama mhandisi wa samani, taa zake nyingi zilitengenezwa na kampuni ya Disderot na ana mchezo wa kutumia bati moja kurudishia mwanga uliotoka kwenye kofia nyingine. Jacques Biny alianzisha Luminalite mwaka 1953, huyo mpenzi wa bati lililotobolewa matundu madogomadogo na plastiki nyeupe, taa zake za ukutani ni ndogo, za bei ya kueleweka, na mimi kwa maoni yangu ndo za kuanzia kama huna hela ya Mouille. Robert Mathieu ni mambo ya uzani, mkono mrefu na jiwe la kusawazisha upande wa pili, brasi tupu, ukiigusa kwa kidole inaelea.

Njia ya haraka: ukiona brasi nyingi inang'aa, sio Mouille. Mouille brasi aliiweka pale tu chuma kinapozungukia.

Na ile yenye mkono mmoja mrefu na balbu tupu mwishoni?

Hiyo ni Potence ya Jean Prouvé. Bomba moja la chuma, urefu unapita mita 2, waya wa kuishikilia na balbu uchi. Haina hata kofia. Inahusishwa na zile nyumba za chuma za Prouvé za nchi za joto, ambazo moja ilipelekwa Niamey na mbili zikajengwa Brazzaville kuanzia 1949. Zile za Brazzaville zilikaa pale ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa mpaka zikachakaa, mwishoni zikafunguliwa vipande zikarudishwa Ufaransa, na moja ikapigwa mnada New York 2007 karibu dola milioni 5. Wenyeji walikuwa wanaona banda tu.

## Kununua

Sokoni kuna za aina ngapi?

Tatu. Kwanza za zamani zenyewe, zilizotoka karakana ya Mouille miaka ya 50 na mwanzo wa 60. Pili zinazotengenezwa sasa hivi kihalali: mjane wake, Gin, aliruhusu zianze kutengenezwa tena kuelekea mwaka 2000, zinafanywa kwa mkono, zina namba na cheti, jina ni Editions Serge Mouille. Tatu ni kopi, na kopi ziko za kila daraja, kuanzia ile ya intaneti ya bei ya viatu mpaka ile iliyozeeshwa kwa makusudi ili ikuibie.

Ya pili sio feki, naomba hilo lieleweke. Watu wananiambia "mbona ina namba, si ya zamani, nimeibiwa", hapana, namba ndo inaonyesha ni ya halali. Umeibiwa tu kama ulilipa bei ya zamani.

Nitajuaje kama ya kwangu ni ya zamani kweli?

Usitafute sahihi, nyingi za zamani hazina. Chukua sumaku, ile ya friji inatosha.

Kofia ni alumini, kwa hiyo sumaku idondoke. Ikinata umekamata bati la chuma, maliza mazungumzo. Kiungo ni brasi, ile shaba ya njano, napo idondoke. Mkono ni chuma, hapo sasa inate. Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi niliuziwa ya mikono 2 na mzee mmoja mpole sana, kanikaribisha na kahawa, kanipa na historia ya shangazi yake aliyeinunua 1957, nikalipa, nikafika nyumbani nikaitundika, usiku nikajigeuza nikaona kiungo kinawaka njano ya ajabu kama pete ya mtumba. Nikaleta sumaku ikanata kwenye kiungo taaap. Chuma kilichopakwa. Shangazi hakuwahi kuwepo. Hiyo kofia bado ninayo karakanani naweka misumari.

Baada ya sumaku angalia skrubu. Za miaka hiyo ni za mstari mmoja, za bisibisi ya flati. Ukikuta za nyota ama ni kopi ama kuna fundi kapita. Angalia rangi ndani ya mfereji wa skrubu, kama nyeusi imejaa humo ilipakwa upya baada ya kufungwa. Inyanyue pia: kopi nyingi ni nzito mbele, kofia inavuta chini. Na uzungushe mkono polepole, ya kweli inazunguka na ukinzani uleule mwanzo mpaka mwisho, sio inakwama halafu inaachia.

Kwa pesa kubwa hayo yote hayatoshi, unahitaji mtaalamu na karatasi za ilikotoka. Mimi nakuepusha tu na feki za mchana kweupe.

Bei zake zikoje?

Za zamani ni maelfu ya euro kwa ndogo na makumi ya maelfu kwa kubwa, na mnada mmoja haufanani na mwingine. Za halali za sasa ni bei ya pikipiki nzuri kwa zile kubwa. Ukiona ya zamani "ya haraka haraka nahama nchi" kwa euro 300, rudi kwenye sumaku.

Kopi ni kosa kisheria au ni ubahili tu?

Ufaransa ni kosa. Sheria yao inalinda vitu vya matumizi kama kazi ya sanaa, na ulinzi unaenda miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu, kwa hiyo kwa Mouille ni mpaka mwisho wa 2058. Forodha wanaweza kuikamata bandarini. Nchi nyingine sheria zinatofautiana. Na neno "style Mouille" au "dans le goût de" kwenye tangazo ni lugha ya muuzaji kujikinga, maana yake "sijasema ni yeye".

## Umeme

Ni ya miaka ya 50, volti zitakubali?

Watu wanaogopa maana wamesikia Ufaransa ya zamani ilikuwa na volti 110 na 127, na ni kweli ilikuwa hivyo sehemu nyingi. Lakini taa ya balbu ni holda na waya tu, haina kifaa ndani cha kubadilisha umeme, anayekula volti ni balbu. Weka balbu ya 230 imeisha hiyo, iwe Paris, Dar au Nairobi. Aliye Marekani anahitaji holda na waya wa viwango vya kule, kule ni 120 na balbu zao ni za kuzungusha, ongea na fundi wa hukohuko. Isipokuwa taa za tyubu, hizo ziko mwishoni.

Balbu gani?

Habari njema kwa walioko nyumbani: holda za zamani za Ufaransa nyingi ni za pini, B22, ileile ya pini mbili tuliyorithi kwa Mwingereza. Mfaransa mwenyewe siku hizi kahamia za kuzungusha na anahangaika kutafuta balbu za pini, wakati duka la Mangi pale kona zimejaa boksi.

Weka LED fupi ya rangi ya joto, 2700K, wati 4 mpaka 6 tosha. Fupi nasisitiza, maana kofia ni ndogo na ikichungulia umeharibu kazi yote ya kile kichuchu. Usiweke ya zamani ya wati 100, kofia itakuwa jiko, rangi nyeupe ya ndani itageuka rangi ya chai ya rangi, na plastiki ya waya itaanza kukatika ndani ya holda usipoiona.

Lazima nibadilishe waya?

Kama ni wa zamani, ndiyo, na usinibishie. Mpira wa miaka 70 ukiukunja unapukutika kama tambi kavu, na huo waya umepita ndani ya bomba la chuma lenye ukingo mkali, na bomba lenyewe linazungushwa kila siku. Hiyo ni shoti inayosubiri siku yake.

Utaratibu wangu: zima breka, sio swichi, breka. Pima kwa testa. Fungua holda, funga uzi imara kwenye mwisho wa waya wa zamani, vuta waya utoke na uzi uingie, halafu uzi ndo unavuta waya mpya. Ukivuta waya bila uzi kwenye mkono wenye mikunjo utakaa hapo mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye kiungo acha waya ulegee kidogo ili mkono ukizunguka usiukaze. Na waya wa zamani weka kwenye bahasha pamoja na holda yake, usitupe, mnunuzi wa kesho anapenda kuviona.

Ya kwangu haina ethi, je?

Nyingi hazikuwa nayo. Taa ni ya chuma mwili mzima na utaigusa kila siku kuigeuza, kwa hiyo ukivuta waya upya vuta wenye nyaya 3 na ufunge ethi kwenye sahani ya ukutani. Brasi na chuma vinapitisha lakini rangi inazuia, usidhani sahani ikiwa na ethi basi na kofia inayo, pima. Kama mkono ni mwembamba na nyaya 3 hazipiti, mwite mtu mwenye leseni akushauri, usijaribu ya YouTube.

## Kutundika

Niweke urefu gani?

Usianze na urefu, anza na uelekeo. Watu wanazielekeza kwao halafu wanalalamika zinawaumiza macho. Geuza kofia iangalie ukuta au dari, mwanga upige pale urudi kwako umelainika, chumba kizima kinabadilika. Ya kusomea tu ndo uielekeze kitabuni.

Kitandani mimi huwa namwambia mteja akae na kitabu chake nami nashika kofia kwa mkono, akisema hapo hapo naweka alama. Kwenye kochi, kiungo kiwe juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama, asije mgeni akajigonga.

Ukuta wangu ni jipsam, itashika?

Kwa fisha peke yake hapana. Taa ni nyepesi, sawa, lakini mkono mrefu unafanya kazi kama mtarimbo, kila ukiuzungusha unang'oa skrubu ya juu kidogokidogo. Weka ubao nyuma ya jipsam au tafuta fremu yake. Ukuta wa tofali au zege, drili na fisha nzuri, hakuna wasiwasi.

Nakaa pwani, chumvi haitaimaliza?

Alumini na brasi zitavumilia, mkono wa chuma ndo utaumwa, na kutu huanzia pale rangi ilipokwaruzika karibu na kiungo. Kipaka kidogo cha nta ya fanicha kwa mwaka mara mbili, kitambaa kikavu, usiioshe kwa maji ya sabuni. Na isikae kwenye baraza, hizi ni za ndani.

## Kesi za pembeni

Kofia imebonyea, fundi wa bodi za gari anaweza kuinyoosha?

Namheshimu fundi bodi lakini hapana. Yeye kazoea chuma, na alumini hii ni laini kama ya sufuria. Akigonga mara tatu bati limetanuka na halirudi, linabaki na tumbo. Mpelekee mtu anayefua fedha au anayekereza bati, na kama kibonyeo ni kidogo kiache, hakimsumbui mtu.

Rangi imechunika, nipake upya?

Kama ni ya zamani na ya kweli, acha. Kuipaka unaikata thamani kwa mkono wako mwenyewe. Na usiipige msasa mkavu, rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake sio la kuchezea kwenye nyumba yenye watoto. Nyeupe ya ndani ikiwa imegeuka chai, jaribu kwanza kitambaa chenye unyevu kidogo, mara nyingi ni moshi wa sigara za babu. Kama ni kopi, paka hata pinki.

Nina ya kwake lakini sio ya mkono, ni nguzo ndefu yenye tyubu. Ni feki?

Si lazima. Mwaka 1962 Mouille alionyesha Paris, kwenye Salon des Arts Ménagers, kundi la taa za nguzo zinazochanganya tyubu na balbu, zimenyooka kama mnara, hazifanani kabisa na za mikono. Wengi hawazijui ndo maana wanadhani ni za mtu mwingine. Hapa sasa lile jibu la volti halifanyi kazi, tyubu ina choki, kile kifaa kinachodhibiti umeme wake, na choki ikiwa ya 110 au imechoka lazima ibadilishwe kabla hujaichomeka popote.

Kofia inashuka yenyewe usiku, asubuhi naikuta inaangalia sakafu. Kuna nini?

Hakuna jini. Kiungo kimelegea. Balbu ikizima chuma kinapoa, kinasinyaa kidogo, na kama skrubu ya kiungo haijakaza kofia inateleza nusu nywele kila usiku mpaka unashangaa. Ishike kofia kwa mkono wa kushoto, kaza kwa bisibisi ya flati robo mzunguko, ijaribu, kama bado ongeza robo nyingine. Usikaze mpaka mwisho na usiweke mafuta, brasi kavu kwa brasi kavu ndo inayoishikilia, ukipaka oili utanipigia simu tena.